Magurudumu ya Masika

Tabora nzima gari lililokuwa na viatu jozi mbili lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Mabruki, fundi seremala wa vitanda vya mninga. Altezza ya rangi ya fedha, imelala chini, na ikiwashwa kuku wa jirani wanaacha kudonoa. Watu wengine hununua matairi, wakayafunga, wakayatembelea mvua na jua mpaka yatoke vipara, na maisha yakaendelea. Mabruki, wapi! Kiangazi gari lilivaa rimu pana za inchi kumi na nane, zinazong'aa mpaka unaweza kujinyolea ndevu, na matairi membamba ubavuni ya kulalia lami. Masika lilivaa rimu nyeusi za chuma, inchi kumi na sita, na matairi manene yenye kashata za kung'ata tope. Vijana wa kijiweni walimchokoza kila siku: "Mzee, leo gari lako limevaa viatu vya Idi au mabuti ya shamba?" Naye hujibu kwamba mwenye akili haendi shamba na viatu vya Idi.

Aliyemwambukiza ugonjwa huo alikuwa Adinani, fundi matairi, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja Tabora miaka ishirini iliyopita kusalimia na hakurudi tena. Miaka minne nyuma, siku Mabruki alipoleta gari kwa mara ya kwanza, wawili hao walishinda gerejini tangu asubuhi hadi alasiri wakichambua rundo la matairi ya mtumba ya Japani kama wanawake wanavyochambua mchele.

"Mnyamwezi, hebu bonyeza hapa," Adinani alisema. "Bonyeza, haliumi."

Mabruki akabonyeza. Mpira ukabonyea chini ya kidole gumba.

"Unaiona hii alama ya theluji ubavuni? Hili Mjapani analivaa barabara ikiwa barafu tupu. Mpira wake laini, unang'ang'ania."

"Sasa Tabora hii barafu iko wapi, Mzaramo wewe, zaidi ya kwenye friji la duka la Mangi?"

"Tope la mbugani lina tofauti gani na barafu? Yote yanateleza, yote hayana adabu. Ila nisikilize. Hili ukilitembeza kwenye lami ya mwezi wa tisa, msimu mmoja limekwisha kama kipande cha sabuni. Na la kiangazi ukilipeleka topeni, utarudi umevutwa na ng'ombe. Kwa hiyo nunua yote mawili. Yasiyo zamu yake yatalala kwangu Itetemia, nina stoo kavu. Mpira ukipigwa jua unakufa."

Wakayapata matatu haraka. La nne ndilo lililowatoa jasho, maana Adinani alikataa katakata kuchanganya tairi lililochoka na lisilochoka. Alisema gari litavuta upande mmoja kama mtu mwenye kibiongo. Akatambaa chini ya rundo, akatokea upande wa pili na buibui kichwani, amelikumbatia. Mabruki alimpenda sana siku ile. Alipoulizwa na watu kama waliandikiana karatasi yoyote juu ya vitu vyote hivyo kulala kwa mtu mwingine, alishangaa. Karatasi? Nani anaandikiana karatasi na mtani wake?

Maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Wa huku walibeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani. Wa kule wakawapokea, wakawazika waliofia njiani na kuwacheka waliofika wamekonda. Ukatoka hapo utani, na utani una sheria zake. Mtani akikutukana, unacheka. Akibeba kuku wako, unamwambia asisahau mchele. Msibani yeye ndiye bwana: atavaa nguo za marehemu, atazuia jeneza, atadai fidia, na nyote mtamtazama. Kukasirika ni mwiko. Atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Basi miaka ishirini Adinani alimwita Mabruki mbeba mizigo, Mabruki akamwita Adinani mcheza ngoma, na hapakuwa na ndugu wa damu waliopendana kama hao.

Mama yake Mabruki, Bi Mwanahawa, alikaa shambani ng'ambo ya mbuga, kilomita kumi na moja ukiacha lami pale Kigwa. Alikaa na binti yake mdogo, Najiat. Idi kubwa iliyopita alimwita mwanawe aje wale pamoja. Sasa, ilikuwa mwezi wa sita, gari limeshavishwa rimu zake za kiangazi, na njia ya mbugani ilikuwa imekauka ikabaki makorongo na visiki vya udongo. Mabruki akapiga simu.

"Mama, njia mbaya, gari litakwangua chini. Nimekutumia ya kitoweo kwenye simu."

"Haya. Kaa na gari lako, mwanangu," mama akasema, akakata simu.

Maneno sita tu hayo, lakini yalimkaa Mabruki kifuani kama mwiba wa samaki. Mama hakumtukana, afadhali angemtukana. Kila alipompigia baada ya hapo, alijibiwa salamu, akaulizwa watoto, akaagwa. Angeweza kupanda bodaboda akaenda kupiga magoti siku moja yakaisha, lakini ukweli ni kwamba aliona aibu, kisha akaona aibu ya kuchelewa kwa sababu ya aibu. Akajipangia: nikifunga magurudumu ya masika tu, naenda na gari mpaka mlangoni, naomba radhi, nampakia mama kiti cha mbele nakuja naye mjini akae kwangu. Hilo ndilo alilolitaka mwaka ule wote.

Mwezi wa kumi akamwendea Adinani. "Mzaramo, nitolee mabuti yangu."

"Mvua iko wapi? Unataka kula tairi bure?"

Mwezi wa kumi na moja akarudi. "Subiri inyeshe mara tatu ya kulowesha," Adinani akasema, na akampigapiga begani. "Mimi si ndiye daktari wake?" Mabruki akasubiri, maana daktari alikuwa yeye.

Mvua ikaja Disemba, nayo ikaja kwa hasira. Ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, Jumanne, Mabruki ametoka kuswali alfajiri, simu ikalia. Ni Najiat.

"Kaka, mama kazidiwa. Anapumua kwa shida. Anakuulizia wewe."

"Mpe simu."

"Nimempa, hataki. Anasema ana neno na wewe, si neno la kwenye simu. Njoo na gari, kaka, tumpeleke hospitali. Pikipiki hawezi kukaa."

Saa moja kamili Mabruki alikuwa gerejini. Alipomweleza, Adinani alitazama chini, akajipangusa mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Yako Itetemia," akasema. "Wewe kaa hapa hapa, linyanyue gari kabisa, legeza nati. Mimi nachukua bodaboda. Nusu saa, mtani."

Mabruki akatia jeki. Akalegeza nati zote. Mvua ilikuwa imepungua, inadondoka moja moja. Saa moja na robo ikapita Land Cruiser ya Damas, anayepeleka mbegu vijijini, ikapunguza mwendo.

"Fundi, za asubuhi? Mbona na jeki mvua hii? Mimi naingia Kigwa mpaka ng'ambo huko, kama una safari panda."

"Ahsante, Damas. Matairi yangu yako njiani yanakuja."

Damas akapiga honi akaenda zake. Ee Mwenyezi Mungu! Siku zote zilizobaki za uhai wake Mabruki angeiona ile Land Cruiser inavyokata kona. Lakini wakati ule hakuona cha kujutia, maana Adinani alikuwa amesema nusu saa, na Adinani alikuwa hajawahi kumwambia uongo.

Saa tatu. Saa nne. Simu ya Adinani ikasema mteja hapatikani. Mabruki akawaza kapata ajali, maskini, kwa ajili yangu mimi. Saa tano akaishiwa uvumilivu, akampigia Siwema, mke wa Adinani.

"Shemeji, Adinani kafika hapo?"

"Hajafika, shemeji."

Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kainamia boneti, analia na simu sikioni. "Shemeji, mama ananisubiri. Nimwambie nini mama yangu, shemeji? Nimwambie nini?"

"Pole, shemeji," Siwema akasema kwa sauti ndogo, na simu ikakatika.

Hakumwambia mtu yeyote kwamba alilia. Aliosha uso kwa maji ya bombani, na saa sita ilipogonga akakaza nati zilezile za kiangazi, akaondoka na viatu vya Idi.

Lami hadi Kigwa ilikwenda vizuri, hata haraka. Akaacha lami. Kilomita ya kwanza mchanga, ikapita. Ya pili ikapita kwa kuyumba. Kisha mbuga ikaanza, udongo mweusi umelowa mpaka umekuwa uji, na gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma likaanza kucheza kiuno. Matairi yakajaa tope, yakawa laini kama yamepakwa mafuta. Akakanyaga, yakazunguka bure. Akakanyaga tena, gari likakaa kwa tumbo. Mabruki akafungua mlango, akavua viatu vyake, akaanza kutembea kilomita tisa zilizobaki. Pengine alikimbia, hakumbuki sawasawa.

Alisikia vilio kabla hajaiona nyumba. Ilikuwa saa kumi.

"Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyomchukua, kaka," Najiat alimwambia, amekaa chini, kanga imemtoka kichwani. "Mpaka saa sita alikuwa anaongea. Kila upepo ukipiga bati anasema, hilo si gari? Hebu tazameni nje."

"Na neno lake je?"

"Hakuniachia. Alisema ni lako."

Wakamzika kesho yake asubuhi. Adinani alifika na gari la watu wa gereji, macho mekundu, akamwangukia Mabruki shingoni mbele ya kaburi. "Stoo imevunjwa, mtani! Wameiba yote manne! Nimezunguka mji mzima jana nikiyatafuta, simu ikaisha chaji, sijui nikutazame kwa uso gani." Mabruki akamshika mtani wake, akambembeleza yeye. Mfiwa akambembeleza mwizi! Alimwambia mali ni makaratasi, siku ya mama ilikuwa imeandikwa, asijitese. Na alimaanisha kila neno.

Watu wa Kigwa wakalivuta gari kwa ng'ombe wanne, wakalileta hadi uani kwa marehemu, likaoshwa.

Siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, watu walikuwa wengi uani. Wanaume jamvini, wanawake jikoni na masufuria ya pilau. Hapo ndipo Adinani alipotoka nyuma ya nyumba amejifunga kanga ya Bi Mwanahawa, miwani ya marehemu puani, anatembea kwa kuchechemea kama alivyochechemea marehemu. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Hata Najiat alicheka huku anafuta machozi. Ndiyo kazi ya mtani hiyo: mtu akisha kulia mpaka macho yakamuuma, aje wa kumchekesha.

Adinani akatia jeki. Akang'oa magurudumu yote manne, gari likabaki juu ya mawe. Akayapanga, akakaa juu yake, akashika sinia kama usukani.

"Wafiwa! Gari hili halitoki hapa mpaka likombolewe kwa majogoo mawili na asali ya nyuki wadogo! Mnanitolea macho? Basi nawasimulia kwa nini mwenzenu alichelewa!"

"Simulia!" wakaitikia.

"Mnaambiwa magurudumu ya masika yameibwa. Nani kaiba? Mimi hapa! Niliyauza tangu mwezi wa saba kwa Sixbert wa Nzega, naye ana Altezza kama hii!"

Vicheko. Wazee wakapigana mabega.

"Huyu mbeba mizigo akaja kwangu saa moja asubuhi. Babu zake walibeba pembe hadi pwani, yeye anashindwa kubeba mama yake! Nikamwambia kaa hapa, nusu saa! Nikasema nitamtafutia mengine. Nikaenda kwa huyu hana, kwa yule hana. Nikaona mvua. Nikarudi nyumbani, nikazima simu, nikajifunika shuka gubigubi!"

Watu hoi. Na Mabruki naye, jamani, alicheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akawa anajipiga paja, anasema moyoni huyu Mzaramo ana wazimu, angalia anavyojibebesha wizi wa watu.

"Saa tano simu ya mke wangu ikalia." Adinani akavua kandambili, akaiweka sikioni. Akaifanya sauti yake nzito, ya kukwamakwama, ya mtu mzima anayelia na hataki. "Shemeji, mama ananisubiri. Nimwambie nini mama yangu, shemeji? Nimwambie nini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja jikoni alidondosha mwiko.

Mabruki hakucheka. Mkono wake ulibaki juu ya paja. Maneno yale aliyasema mara moja tu maishani mwake, ameinamia boneti, hakuna mtu karibu. Aliyasema kwa Siwema. Aliyeyasikia ni Siwema na mtu aliyekuwa amelala pembeni ya Siwema, shuka usoni, anasikiliza. Alikuwa amelala pale! Dakika kumi kwa bodaboda! Angesema neno moja, "sina," saa moja asubuhi, Mabruki angepanda Land Cruiser ya Damas, saa tatu na nusu angekuwa miguuni pa mama yake. Hata saa tano angesema, bado. Wizi si kitu. Kila mtu ana shida zake, matairi yanauzwa na kununuliwa. Lakini kumwacha mtu asimame mvuani anakungoja wewe, wakati mama yake anamngoja yeye!

Akainuka jamvini, akaenda mpaka kwenye magurudumu. Watu wakadhani anakwenda kukomboa gari, wakamshangilia. Adinani alipomwona uso, sinia likashuka magotini.

"Mtani," akasema chini kwa chini, midomo haisogei sana. "Nimesema. Nimesema mbele ya watu wote. Naomba yaishe."

"Vua kanga ya mama."

"Mabruki."

"Vua kanga ya mama, kisha useme tena. Hivi hivi, kama mtu na mtu."

Kwa muda kidogo ilionekana atasema. Alifungua mdomo, na macho yakamjaa maji ya kweli. Kisha akatazama wazee jamvini, akatazama wanawake mlangoni, na akapiga yowe refu: "Jamaniii! Mfiwa ananivua nguo hadharani! Mnyamwezi hana haya!"

Kicheko kikarudi pale pale kilipoishia. Ndipo Mabruki alipoishika ile kanga kwa mikono miwili na kuivuta. Adinani akaporomoka kutoka juu ya magurudumu, miwani ya marehemu ikaangukia mchangani, akabaki na suruali yake ya gereji, amekaa chini. Kicheko kikakatika.

"Mabruki!" Alikuwa mjomba Limbu, kaka wa marehemu, amesimama na fimbo. "Umemtia mkono mtani msibani? Wewe una akili timamu?"

"Mjomba, hayo aliyosema ni ya kweli."

"Ya kweli, ya uongo, yamesemwa kwa utani. Mtani hakasirikiwi. Babu zako walijua hivyo na wewe unajua hivyo. Utatuletea mkosi juu ya msiba. Haya, muombe radhi."

Watu wote walikuwa wanamtazama Mabruki, na machoni mwao hapakuwa na huruma. Adinani alikuwa bado chini, anajipangusa viganja, hamtazami mtu.

"Radhi niliyokuwa naitafuta ilikuwa moja, mjomba," Mabruki alisema. "Tumeizika juzi."

Akaiokota miwani, akaiviringisha ndani ya kanga, akampa Najiat. Kisha akaanza kuyarudisha magurudumu ya kiangazi mwenyewe, moja baada ya jingine, akiyaviringisha mchangani. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyeondoka jamvini kuja kumshikia. Alipokuwa anakaza nati ya mwisho, alimwona Adinani amekwisha karibishwa katikati ya wazee, sinia la pilau mbele yake, na mjomba Limbu anamchagulia mnofu.